Kichwa cha Ouma na Nyumba ya Baba Mdogo Wake

Kwanza kabisa, wacheni kumwagia watu maji! Nimestaafu, nakaa zangu hapa Rongo na migomba yangu na magoti yanayonisumbua, lakini nikisikia kishindo barabarani na watu wakipiga kelele bado nabeba miguu kwenda kuona. Kila mara nakuta ni yale yale. Kijana kalala chini, kichwa kimegonga lami, na juu yake imesimama kamati nzima. Mmoja ana jagi la maji. Mwingine anampiga makofi ya mashavu. Wa tatu anamnyanyua kwa kwapa akimwambia, "Simama, simama, usilale!" Utadhani mwenzao amelala kwa uvivu.

Yawa! Nimefanya kazi ya unesi Homa Bay na Migori mpaka nywele zikawa nyeupe, miaka mingi kati yake kasualti na wodi ya wanaume, na sijaona hata mtu mmoja aliyeamshwa na jagi. Waliopaliwa na hilo jagi nimewaona. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza unesi sasa, na nyinyi wa boda mnaonisikiliza kwa sikio moja huku simu iko kwenye lile lingine, kaeni chini. Leo ni habari ya kuzimia, na ya kijana mmoja aliyezima mpaka akajengewa.

Mtu akigonga kichwa akazima, shika kichwa na shingo visicheze. Tazama kama anapumua. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, abaki ubavu, asije akavuta matapishi. Usimpe kitu mdomoni, hata maziwa, hata maji ya baraka. Halafu mtafute aliyeona ajali, umshike shati asiondoke, maana sisi hospitalini tutauliza: alizima palepale, au aliamka kwanza akaongea ndipo akazima tena? Huyo wa pili mkimbizeni. Pengine damu inajikusanya ndani ya fuvu, na yule anayewaambia "niko sawa" hayuko sawa.

Na akinuka chang'aa msiseme ni pombe mkamwacha alale. Mlevi naye ana fuvu.

Aliyenifundisha kichwa ni Chacha. Alikuwa afisa wa kliniki, lakini wagonjwa wote walimwita daktari na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha. Mkuria wa upande wa Isebania, mrefu, sauti ya mhubiri, na hasira iliyokaa karibu. Siku moja nikiwa bado mgeni kazini akaniuliza mbele ya wenzangu, "Awuor, mtu akigongwa kichwa anazimia kwa nini?"

"Kwa sababu ubongo umetikisika, daktari."

"Hata mtoto wa nasari angesema hivyo. Redio ukiitikisa inazima?"

"Ya kwetu nyumbani ukiitikisa ndiyo inawaka."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Nadhani ni siku hiyo aliponipenda, kwa sababu alivuta kiti cha pili akanikalisha, akanieleza kitu ambacho nimekula nacho mshahara mpaka kustaafu.

Alisema hivi. Umewahi kuvuka mpaka pale Isebania? Huku watu wetu, kule wa Tanzania, katikati geti, na watu wanapita mmoja mmoja kwa utaratibu. Basi kila seli ya ubongo ina mpaka wake. Chumvi ya sodiamu inakaa nje, potasiamu inakaa ndani, kalsiamu nayo nyingi iko nje. Mageti yanafunguka kidogo, yanafungwa, na huko kufunguka na kufungwa ndiko kufikiri kwenyewe. Ndivyo unavyomjua mama yako, ndivyo unavyokumbuka umeacha sufuria motoni. Sasa kichwa kikigongwa kwa nguvu, mageti yote yanafunguka kwa mpigo. Potasiamu inamwagika nje, sodiamu na kalsiamu zinaingia ndani. Na ile kemikali inayoitwa glutameti, ambayo seli moja huitumia kuiita nyingine, inamwagika kila mahali. Kila seli inapiga kelele kwa wakati mmoja, halafu zote zinanyamaza. Hapo ndipo mtu wako anaanguka.

"Na nani anarudisha watu upande wao?" akaniuliza.

"Polisi," nikasema.

"Kuna pampu, wewe! Pampu ndogo ndogo kwenye kila seli. Zinafanya kazi kufa na kupona kurudisha kila chumvi kwake, na chakula chake ni sukari na hewa. Na angalia balaa: wakati huo huo pampu zinapotaka chakula kingi, damu inayokileta inapungua. Ubongo unalima shamba kubwa na haujala."

Akaongeza kwamba chini kabisa, kwenye mzizi wa ubongo karibu na shingo, kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kupeleka juu kemikali za kutuweka macho, kutwa nzima, bila kupumzika. Mtu aliyegongwa kidogo huzima kwa muda mfupi, mageti yanafungwa, anaamka, anatapika, anakuuliza swali moja mara ishirini. Lakini nyuzi za kule kwenye mzizi zikivutwa, usingizi unakuwa mrefu, na hakuna anayeweza kukuambia utaisha lini.

Chacha huyo huyo ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Aliletwa mama mmoja kutoka sokoni, amegongwa na mkokoteni, macho nusu. Tukamsemesha Dholuo, tukamsemesha Kiswahili, akawa ananung'unika tu. Nesi mwenzangu akaandika kwamba mgonjwa anatoa sauti zisizo na maana. Chacha akapita, akasimama, akainamisha sikio, kisha akatugeukia amekunja uso. "Zisizo na maana kwa nani? Mama anauliza mbuzi wake ameshikwa na nani!" Kumbe alikuwa anaongea Kikuria safi. Ubongo ulioumia hurudi kwa lugha ya kwanza, jamani. Ulizeni mtu anatoka wapi kabla hamjampima maneno.

Mengi yamebadilika. Zamani kila aliyeumia kichwa tulimtundikia dripu ya maji ya sukari, tukiona tunampa nguvu, kumbe yale maji yanakwenda kuuvimbisha ubongo. Kulikuwa na sindano fulani ya kupunguza uvimbe, tuliichoma kwa imani kabisa, halafu siku moja tukaambiwa acheni, haisaidii, inaua. Na zamani mashine yetu ya kuona ndani ya kichwa ilikuwa tochi. Unamulika jicho la kulia, unamulika la kushoto, unaomba Mungu. Siku hizi kuna skani, mgonjwa anaingia, picha inatoka. Lakini tochi msiitupe, kwa sababu skani haiangalii mgonjwa kila saa.

Sasa Ouma.

Ouma alikuwa kijana wa boda pale Migori, wa kutoka Ndhiwa, upande wa Homa Bay. Mcheshi, mwembamba, kila mtu stendi anamjua. Siku moja ya soko alikuwa anatoka upande wa Isebania, ng'ombe akaingia barabarani, akamkwepa ng'ombe, akakutana na mtaro. Helmeti alikuwa nayo. Ilikuwa imefungwa kwenye usukani, na tulipoletewa vitu vyake haikuwa na hata mkwaruzo.

Alikuja amezima kabisa. Ukimwita, kimya. Ukimbonyeza juu ya jicho, pale penye mfupa, mikono inanyooka ikikauka kama mbao, na hiyo si dalili nzuri hata kidogo. Skani ikaonyesha uvimbe na vidoa vidoa vya damu vilivyotawanyika, hakuna bonge moja la kutoa kwa upasuaji. Kazi ikabaki ya daktari wa wodi na sisi manesi: kupima sukari na chumvi ya damu, hewa isikatike, presha isishuke, joto lisipande, kichwa cha kitanda kiinuliwe, mwili ugeuzwe asipate vidonda, na uji upite kwa mrija wa puani. Ni kazi ya mikono. Hakuna mtu anayeipigia makofi, na ndiyo inayorudisha watu.

Mkewe, Akoth, alikuwa msichana tu, mimba imeanza kuonekana. Alisimama mguuni pa kitanda ameshika sandali moja ya Ouma, ile nyingine ilipotea mtaroni. Mama mkwe wake, Min Ouma, yaani mama yake Ouma, alikuwa mjane wa makamo, Msabato wa kanisa la nyumbani, hanyanyui sauti. Niliwakalisha nikawaeleza vilevile nilivyoelezwa na Chacha, mageti na chumvi na pampu zinazotaka sukari. Walinisikiliza vizuri sana. Nikajisifu moyoni, mwalimu mimi.

Mchana nikasikia mgonjwa anakoroma vibaya. Nakimbia, namkuta Min Ouma na chupa ya Fanta na kijiko, anamtilia mwanawe mdomoni polepole, kwa upendo wote. Ouma midomo imekuwa ya kijivu. Nikamgeuza ubavu, nikachukua mashine ya kunyonya, nikanyonya ile Fanta kooni mpaka rangi ikarudi.

"Mama, nilisema asipewe kitu mdomoni!"

"Sista, si wewe ulisema ubongo wake una njaa ya sukari?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, kijiko bado kiko mkononi. Nikamkumbatia. Tangu siku hiyo nikieleza mgonjwa anahitaji nini, namalizia na nani atampa na kwa njia gani. Nanyi fanyeni hivyo.

Ndipo akaja Mzee Okelo. Huyu alikuwa baba mdogo wa Ouma, ndugu wa marehemu baba yake, na ndiye aliyebaki mkubwa wa boma kule Ndhiwa. Alikuja saa ya kuona wagonjwa, kofia mkononi. Hakuketi. Alimwita Ouma kwa jina, akamwita kwa jina la babu yake, akamwambia yule ng'ombe mwekundu amezaa. Kimya. Akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akatoka nje.

Baada ya siku chache Akoth alinifuata kwenye chumba cha manesi, amenyoosha simu mbele yangu kama mtu anayetaka nimtolee mwiba. Jirani wa nyumbani alikuwa amemtumia picha. Miti imesimamishwa ndani ya boma, wanaume wawili juu wanapigilia mabati.

"Sista, wameanza kujenga."

Asiye wa kwetu nimweleze. Kwetu Waluo, mwanamume mzima anatakiwa awe na nyumba yake katika boma la baba yake. Akifa hana, jamaa wanasimamisha moja haraka haraka, hata ya chumba kimoja, ili atokee hapo kwenda kuzikwa, na mjane wake abaki hapo. Ouma alikuwa amepanga chumba Migori, na kule nyumbani hakuwa na hata mti mmoja uliosimama. Lakini nyumba hiyo hujengwa mtu akishakufa! Kumjengea aliye hai kitandani ni kama kumwita kaburini. Sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo, si kabla wala baada.

"Nyumba hii ikiisha, mimi ni mjane," Akoth akasema. "Na mume wangu anapumua pale. Sista, si anapumua?"

"Anapumua, nyathina. Mwanangu, anapumua."

Siku iliyofuata Mzee Okelo alirudi, na nje alikuwa na gari la kukodi. Alikuja kumchukua mtoto wake, akasema, akamalizie nyumbani. Akoth akajitupa juu ya kitanda akishikilia chuma. Hakumwamkia mzee, hakumwita baba, hakumwita chochote. Min Ouma alikaa kwenye benchi anajipigapiga mapaja. "Mwenye boma amesema," akaniambia. "Mimi ni nani nikatae? Na kama ni kweli ameshakwenda, Sista? Tunamtesa bure?"

Hilo ndilo swali lililokuwa pale, na lilikuwa zito. Akitolewa hewa, mrija na kile kitanda kilichoinuliwa, akalazwa ndani ya gari mpaka Ndhiwa, Ouma angekufa njiani au kesho yake. Na sisi hatukuwa na kamba ya kumfunga mtu hospitalini kama jamaa wanamtaka. Daktari wa wodi alishaongea nao, mzee akaitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikia. Nikamwomba mzee tukae wawili barazani. Nilikuwa na hasira, siwafichi. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kabisa.

Akanitangulia. "Sista, mimi si mchawi," akasema. Tulikuwa tunaongea Dholuo, nawawekea kwa Kiswahili. "Watu wanasema namharakisha mtoto. Unajua baba yake alifia wapi? Mbali, kwenye mashamba ya majani chai. Hakuwa ameacha nyumba nyumbani. Tulileta jeneza mvua inanyesha, tukalilaza nje chini ya turubai, sisi tunakata miti usoni pake. Ndugu yangu alilala nje kama mgeni asiye na mwenyewe. Nilikuwa kijana, sikuwa na la kufanya. Nikaapa mtoto wake hatalazwa nje."

Maneno yangu makali yakaniishia. Nilimtazama yule mzee, viganja vimechubuka kwa nyundo, nikaona huyu ni mtu aliyeogopa kwa miaka mingi na sasa hofu yake imemfikia mlangoni. Nilimhurumia.

"Njoo nikuonyeshe kitu," nikamwambia.

Nikampeleka kitandani. Nikambonyeza Ouma pale juu ya jicho. Mkono wake wa kulia ukainuka, ukayumba, ukatafuta tafuta hewani, ukaja mpaka kwenye mkono wangu ukausukuma.

Mzee akarudi nyuma hatua. "Ameamka?"

"Hapana. Lakini alipoletwa, nikimbonyeza alikuwa ananyoosha mikono ikikauka. Baadaye akawa anaivuta. Leo anautafuta mkono wangu auondoe. Amekasirika, Mzee. Maiti hakasiriki."

Akasogea, akaweka kiganja chake juu ya ule mkono. "Basi mbona haitiki?"

Nikamweleza, taratibu, kwamba zile chumvi zilizomwagika zimesharudi mahali pake. Kinachochelewa ni kule kwenye mzizi, zile kemikali za kumweka mtu macho, njia zake zimevutwa, na zinajitengeneza kidogo kidogo. Kulala kwake siyo kwenda. Ubongo umejifunga ndani, unarekebisha nyumba.

"Ataamka?"

"Sijui."

"Umefanya kazi hii mpaka umezeeka, na hujui?"

"Najua anaelekea wapi. Anaelekea huku kwetu. Atafika au hatafika, hilo sijui, na nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya. Lakini ukimpakia kwenye lile gari, ile nyumba utaitumia. Hilo najua."

Akoth bado alikuwa ameshikilia chuma cha kitanda. Halafu mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Na nyumba nifanyeje? Nimeshasimamisha. Nyumba ya mwana haibomolewi, ni mkosi juu ya mkosi."

"Usibomoe. Jenga," nikasema. "Ila jenga polepole. Na weka dirisha kubwa."

Akanikodolea macho. Zile nyumba za haraka hazina dirisha la maana, nani atachungulia? Akaelewa. Mdomo ukamcheza, sijui ni kucheka au kulia, akavaa kofia yake, akaenda kumrudisha dereva. Akoth aliteleza akakaa sakafuni palepale, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakaanza kumwambia mos, mos, yaani pole, pole.

Msidhani Ouma aliamka kama kwenye sinema, anafungua macho anasema "niko wapi". Kwanza macho yalifunguka, lakini hayakutuona. Halafu siku moja yakamfuata Akoth kutoka dirishani mpaka mlangoni. Halafu akaung'oa mrija wa pua, nikaurudisha, akaung'oa tena. Na neno lake la kwanza lilikuwa tusi, tena alinitukana mimi nikimgeuza, tusi la stendi, la nguo za ndani kabisa. Nilipiga vigelegele! Min Ouma alitaka kupiga magoti kuniomba radhi, nikamwambia, "Mama, mwache atukane. Mtu anayetukana ametafuta neno akalipata."

Sehemu ngumu ilikuja baadaye, na hii ndiyo watu hawawaambii. Alirudi nyumbani kwao Ndhiwa, maana Migori asingeweza kujitunza, na Akoth akaanza kunipigia simu. Anasahau. Mwanga unamuumiza. Kuku akilia anarusha kikombe. Analia kwa jambo dogo, yeye ambaye hakuwahi kulia. "Sista, mlinirudishia mtu mwingine," akaniambia. Jirani wengine walishaanza kunong'ona habari za majini.

Nikamwambia hakuna jini. Kemikali za hasira, za furaha na za usingizi bado hazijapata mizani, na ubongo unaochoka upesi hufoka upesi. Mpe kazi moja moja. Zima redio. Akikasirika usimjibu siku hiyo, mjibu kesho. Na boda asiguse, nikasema, hata aape. Mtu akigongwa mara ya pili kabla ubongo haujapona, hata pigo dogo linaweza kummaliza. Nyinyi wa mpira mnaorudi uwanjani mnayumba kwa sababu ni fainali, mmesikia? Akoth alivumilia. Nimeona wanawake wengi wakivumilia, na sisemi ni rahisi. Mtoto akazaliwa, na Ouma akawa anamshika kwa saa nzima.

Mimi nilikwenda kuwaona nilipokuwa nimeshastaafu. Nilifika mchana wenye jua, nikamkuta Ouma amekaa mbele ya nyumba yake anaziba tairi la baiskeli, kazi aliyoanza ya kuziba pancha. Anaongea polepole sasa, anatafuta maneno, lakini alinijua. Mzee Okelo alikuwa kwenye kigoda upande wa kivuli. Nyumba imesiribwa vizuri, mabati yanang'aa, na dirisha lake lilikuwa kubwa kuliko madirisha yote ya boma lile.

Ouma akanishika mkono akanizungusha kuionyesha. Ile miezi yote ya ajali hana kichwani, wala hataipata, maana ubongo uliozima hauandiki kitu. Anachojua ni alichoambiwa. Tuliporudi mbele akasimama.

"Sista, wewe ulikuwepo. Ni kweli baba mdogo alianza kunijengea nikiwa bado nimezima?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa anatazama chini, kofia anaizungusha vidoleni.

"Ni kweli," nikasema.

"Kabla nyinyi hamjajua kama nitaamka?"

"Kabla."

Akamgeukia yule mzee, na machozi yakamtoka palepale, kama yanavyomtoka siku hizi. "Mnaona? Hospitali nzima haikujua. Mama hakujua. Huyu peke yake ndiye aliyejua nitarudi nyumbani."

Mzee Okelo alifungua kinywa aseme kitu. Nadhani alitaka kusema ukweli, kwa sababu ni mtu mkweli. Lakini Akoth alikuwa amefika na birika na beseni. Akapita mbele yangu mimi mgeni, akapiga magoti kwa mzee kwanza.

"Alijua," akasema. "Baba, nawa mikono."